Kanda za tafsiri za Mikindani: shajara ya kazi

Shajara hii ni ya yeyote mwenye kasha la kanda za kaseti zenye darsa, nyumbani au msikitini, na hajui aanzie wapi. Nitaongeza kila hatua inapokamilika. Mambo mepesi nayapita haraka. Penye kikwazo ndipo nitakapokaa, maana hapo ndipo mwingine anaweza kuokoa fedha na muda wake.

14 Septemba 2024: Makasha mawili

Tumekabidhiwa kanda 118. Ni darsa za tafsiri, yaani ufafanuzi wa Kurani, za Ramadhani zilizosomeshwa baada ya sala ya alasiri katika msikiti mmoja wa hapa Mikindani, Mtwara, miaka ya themanini na tisini. Sheikh ameshatangulia mbele ya haki. Familia yake imeomba jina lisiandikwe mpaka kazi nzima ihakikiwe na wanafunzi wake wakubwa, nasi tumeridhia. Mmoja wa wanafunzi hao ni Maalimu, ambaye enzi hizo ndiye aliyekuwa akimsomea sheikh kitabu. Upande wa elimu anausimamia yeye. Mimi na vijana watatu wa madrasa tunashughulika na mitambo na maandishi.

Kitabu ni Tafsiri ya Jalalaini, yaani ya Majalaludini wawili, Mahalli na Suyuti, kama ilivyo ada ya misikiti mingi ya pwani. Msomaji anasoma aya, anasoma maneno ya kitabu, sheikh anatoa Kiswahili chake, anaongeza alichokiona katika vitabu vingine, anajibu suali moja au mawili, kisha watu wanatawanyika kuwahi futari.

Tunataka vitu viwili. Cha kwanza ni sauti iliyo salama. Cha pili, ambacho kwangu ndicho kikubwa, ni faharasa itakayoonyesha kila kauli imetoka kwa nani. Ndani ya darsa moja sheikh anataja aya, hadithi ya Mtume (s.a.w.), kauli ya sahaba Ibn Abbas, kauli ya Mujahid mwanafunzi wake, maneno ya kitabu kilicho mbele yake na maoni yake mwenyewe. Msikilizaji asiyekuwa makini anatoka pale yote kayabeba kwa jina moja: "Kurani imesema." Wafasiri wa zamani waliuchunga sana mpaka huo. Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 310 Hijria (923), alikuwa akizipanga kauli moja baada ya nyingine, kila moja na mlolongo wa walioipokea, ndipo anasema ipi anaiona sawa zaidi na kwa hoja gani. Haitakuwa haki sisi tuzichanganye upya kwa sababu tu tumepata kompyuta.

Gharama ya kuanzia: deki ya kaseti iliyotumika shilingi 110,000, kadi ya sauti ya kuchomeka kwenye laptopu 45,000, waya 5,000, spiriti, pamba na bisibisi ndogo 12,000, diski ya nje 170,000. Jumla 342,000. Fedha zimetoka kwa jamaa wa msikiti na mfukoni mwetu.

6 Oktoba 2024: Mipira, kuvu na mngurumo wa umeme

Deki ilisoma, ila sauti ilikuwa inapanda na kushuka. Fundi redio wa Mtwara mjini aliifungua akakuta mipira miwili ya kuzungushia imeyeyuka, imekuwa utelezi mweusi. Mipira mipya ilikuja na basi kutoka Dar es Salaam. Baada ya kuifunga sauti ilitulia, lakini Maalimu alisikiliza kidogo akatikisa kichwa: sauti nyembamba, sheikh hakuwa hivyo. Fundi akazungusha skrubu ya mwendo kwa kukisia na sikio, kila kanda ikatoka na sauti yake.

Dawa tuliipata ndani ya kanda zenyewe. Rekoda ya msikitini ilikuwa imechomekwa kwenye umeme, na umeme wetu una mtetemo wa mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo chini ya sauti ya sheikh umebaki mngurumo mdogo. Ukichukua sehemu ambayo hakuna anayesema, ukaifungua katika programu ya bure ya Audacity na kutazama mchoro wa masafa, mngurumo ukionekana kwenye 53 jua deki inakimbia. Ukionekana kwenye 48 inakwenda polepole. Tukarekebisha skrubu mpaka ukakaa kwenye 50. Kanda zilizorekodiwa kwa betri hazina mngurumo huo. Hizo tunazilinganisha na kanda ya jana yake au ya kesho yake, kwa sauti ya msomaji yuleyule.

Kanda zenye kuvu (hewa ya chumvi hapa haina huruma) usiziweke kwenye deki kabla ya kuzifuta, utaambukiza nyingine. Zilizopoteza kile kisponji kinachoikandamiza kanda, au zilizogandishwa gamba kwa gundi, tulizihamishia kwenye magamba yenye skrubu yaliyotoka kwenye kaseti za kaswida zilizokwisha. Magamba 31 kwa 1,000 kila moja, 31,000. Fundi 25,000. Mipira na kifurushi 14,000. Jumla ya hatua hii 70,000.

Tunarekodi mono. Kanda ya dakika 90 inachukua kama megabaiti 475, kwa hiyo kazi yote haifiki gigabaiti 60. Diski ya 170,000 ilikuwa kubwa kupita mahitaji. Anayeanza leo anunue flashi mbili nzuri za gigabaiti 128, aziweke nyumba mbili tofauti.

17 Novemba 2024: Programu ilipoondoa ukimya

Hapa kazi ya wiki kadhaa ilitupwa, na naomba mtu mwingine yeyote asiipitie njia hii.

Vijana walitaka faili fupi ili watu wasimalize bando. Programu ina amri ya kuondoa ukimya: kila mahali penye kimya cha zaidi ya nusu sekunde inapakata. Ina amri nyingine ya kupunguza kelele. Tulizitumia zote mbili kwa kanda zote za sura za Baqara na Aali Imrani. Faili zikapungua sana, sauti ikawa safi, feni haisikiki. Tukampelekea Maalimu.

Alisikiliza akiwa amefungua kitabu mapajani. Baada ya muda akasema, "Mwanangu, hapa sijui tena ipi Kurani na ipi Jalalaini."

Aliyewahi kukifungua kitabu hiki anaelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Jalalaini haiweki aya juu na maelezo chini. Maelezo yanapita katikati ya aya, neno kwa neno: vipande viwili vya aya, maneno mawili ya mfasiri, kipande kingine cha aya. Katika chapa, aya imewekwa ndani ya mabano na mfasiri yuko nje. Kwenye sauti hakuna mabano. Msomaji aliyaweka kwa koo lake: aya aliisoma kwa tajwidi, yaani kanuni za kuisomea Kurani, na madda (mavuto) na ghunna (sauti ya puani) zake, kisha anavuta pumzi kidogo, anasoma maneno ya mfasiri kwa sauti ya kawaida, anavuta pumzi tena, anarudi kwenye tajwidi. Pumzi zile ndizo programu iliyozifuta. Amri ya kupunguza kelele nayo ilikula mwisho wa herufi laini, kiasi kwamba *ha* na *sin* zilikuwa hazisikiki vizuri.

Mahali palipotutia hofu zaidi ni aya ya 7 ya Aali Imrani. Aya hiyo yenyewe inazungumzia tafsiri: katika Kitabu zimo aya zilizo wazi, nazo ndizo msingi wa Kitabu, na zimo nyingine zinazofanana. Wenye upotofu nyoyoni hufuata zile zinazofanana. Kisha inasema hakuna ajuaye tafsiri yake ila Mwenyezi Mungu, na waliobobea katika elimu wanasema tumeiamini. Msomaji anasimama wapi? Akisimama kwenye jina la Mwenyezi Mungu, ujuzi huo umebaki Kwake peke Yake, na waliobobea kazi yao ni kuamini. Akiunganisha, waliobobea nao wanaijua. Kauli zote mbili ni za tangu mwanzo. Mujahid ni katika walioiunganisha, na kwa Ibn Abbas mwenyewe imepokewa kauli kwamba yeye ni katika wanaoijua. Jalalaini imesimama, ikaongeza neno moja la kukazia kwamba ni Yeye peke Yake. Kwenye kanda yetu halisi Maalimu, akiwa kijana, amesimama pale kisimamo kirefu kinachosikika wazi. Kwenye faili iliyosafishwa kisimamo hakipo. Programu imeunganisha. Imechukua kauli ya kundi moja la wafasiri ikaitia mdomoni mwa kundi jingine, na hakuna msikilizaji angeweza kujua.

Tumefuta faili zote zilizosafishwa. Kanuni tangu leo: nakala mama haiguswi hata kwa sekunde moja. Nakala ya kusikiliza inapandishwa sauti tu, na inabanwa mpaka kanda nzima ifike megabaiti 43 hivi. Hilo linatosha kwa bando, na pumzi zinabaki. Alama za mipaka ya aya zinawekwa na vijana waliohitimu tajwidi. Tulijaribu kumpa kazi hiyo kijana hodari wa kompyuta asiyesoma tajwidi, hakuweza kuusikia mpaka. Binti wa miaka kumi na minne wa madrasa aliusikia kila mara.

Kazi imesimama kidogo kwa korosho. Nusu ya watu wako mashambani, na hilo halina mjadala.

12 Januari 2025: Fatiha haikupotea

Tangu tuanze tulikuwa tunaitafuta kanda ya kwanza. Lebo ziko kwa hati za Kiarabu, na kasha la kwanza linaanza na Baqara. Tuliuliza kwa jamaa, tukafungua makabati, tukakubali kuandika kwamba Suratul Fatiha, sura ya kwanza ya Kurani, haipo.

Imepatikana mwishoni mwa kasha la pili, baada ya sura ya mwisho, Nasi. Maalimu alipoambiwa hakushangaa hata kidogo. Sheikh alifuata mpangilio wa kitabu chake, na kitabu chake kilikuwa chapa ya zamani. Jalaludini wa kwanza, Mahalli, alianza na nusu ya pili ya Kurani, kutoka Kahf hadi Nasi, akaifasiri na Fatiha, kisha akafariki mwaka 864 Hijria (1459). Jalaludini wa pili, Suyuti, akaijaza nusu ya kwanza, kutoka Baqara hadi Israi. Fatiha akaiacha mwishoni ili ikae pamoja na kazi ya mwenyewe aliyeiandika. Chapa nyingi za siku hizi zimeirudisha mwanzo.

Kwenye kanda ya mwisho wa Israi sheikh ameiacha tafsiri kabisa, akasimulia habari za wanaume hawa wawili wa Misri. Anasema Suyuti aliianza nusu yake mwanzoni mwa Ramadhani ya mwaka 870 (1466) na akaikamilisha tarehe kumi Shawali, siku arobaini, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Unasikia watu wakinong'ona subhanallah. Kisha sheikh anawageukia vijana, anawauliza wao Ramadhani hii wamefanya nini. Hiyo nimeisikiliza mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Kwa anayenakili: usizipange kanda kwa mpangilio wa msahafu kabla hujajua kitabu gani kilisomwa na katika chapa ipi. Hata hesabu ya aya inaweza kukuyumbisha. Jalalaini inaanza Baqara kwa kusema aya zake ni 286 au 287. Kwenye Fatiha inatoa hesabu mbili, ya anayeihesabu bismillahi kuwa aya na ya asiyeihesabu. Kwenye jedwali tumetumia namba za msahafu wanaosomea watoto chuoni, basi.

9 Februari 2025: Safu ya "Nani kasema"

Jedwali lilikuwa na safu za sura, aya, kanda, dakika na maelezo mafupi. Sasa tumeongeza safu ya msemaji, na hii ndiyo inayokula muda.

Mfano ni aya ya 43 ya Suratun Nisaa, panapotajwa kuguswa wanawake katika yanayomlazimu mtu kujitwaharisha, au kutayamamu (kujitwaharisha kwa udongo) akikosa maji. Mistari miwili ya Jalalaini hapo ina watu watatu. Kauli kwamba ni kugusa kwa mkono ni ya sahaba Ibn Umar. Juu ya kauli hiyo amesimama Imamu Shafi, na sehemu nyingine za ngozi zikaingizwa katika hukumu hiyohiyo. Kisha kitabu kinataja kwamba kwa Ibn Abbas ni jimai, yaani tendo la ndoa. Huku kwetu kila mtoto anafundishwa kwamba ngozi ya mwanamume na ya mwanamke wasio maharimu zikigusana udhu umetenguka. Watu wa pwani hii ni Mashafi, wafuasi wa Imamu Shafi katika hukumu, tangu zamani, na Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliliandika hilo. Kwa hiyo kauli ya Ibn Abbas ilipotajwa msikitini ilileta mtikisiko. Mzee mmoja anasikika akiuliza kwa mbali, "Sheikh, ina maana Ibn Abbas kakosea?"

Sheikh anajibu taratibu: "Hakukosea. Huyo ndiye aliyeombewa na Mtume afundishwe tafsiri. Sisi tumemfuata Shafi katika hukumu, hatukumtoa Ibn Abbas katika elimu."

Jedwali la mwanzo lilikuwa na mstari mmoja kwa darsa hiyo: "Nisaa 43, kugusa kunatengua udhu." Mstari huo ungemfuta Ibn Abbas. Sasa aya hiyo ina mistari mitano: mmoja wa Ibn Umar, mmoja wa Shafi, mmoja wa Ibn Abbas, mmoja wa suali, mmoja wa jibu la sheikh, ambalo limetiwa alama ya rai yake.

Kinachotusumbua ni maneno "wanasema wanavyuoni." Sheikh anayatumia sana, na kila mara inabidi kuwatafuta ni wanavyuoni gani. Mara nyingi ni hashiya (kitabu cha maelezo ya ziada) ya Sawi juu ya Jalalaini, ambayo Maalimu anakumbuka ilikuwa kando ya sheikh kila jioni. Mara nyingine ni tafsiri ya Ibn Kathir. Kwenye aya za hukumu ni tafsiri ya Kurtubi. Tumenunua Sawi na vitabu vingine viwili vilivyotumika, 95,000. Penye kauli tuliyokosa asili yake tunaandika "haijapatikana," hatukisii. Kijana mmoja alipendekeza tujaze kwa jina la kitabu kinachoelekea. Maalimu alikataa palepale, na nashukuru alikataa.

Kuandika sauti kwa kutumia programu za simu kumeshindikana. Kiswahili inakipata kiasi, lakini Kiarabu kikiingia katikati inageuza aya kuwa maneno ya Kiswahili yasiyo na maana, na sheikh akiwageukia wazee kwa Kimakonde inaandika chochote. Sitaki aya ya Mwenyezi Mungu iandikwe hivyo hata kwenye rasimu. Tunaandika kwa mkono, 15,000 kwa kanda.

16 Machi 2025: Kipande cha Nabii Daudi

Ramadhani imefika katikati na watu wanaomba darsa za sheikh wazisikie wakati wa kusubiri futari. Tulikuwa tumezikata nakala za kusikiliza vipande vya dakika kumi kumi ili ziwe nyepesi kutumiana. Kipande kimoja kimezunguka Mtwara na Lindi kwa siku chache, na kimeleta maneno mazito.

Ni Suratu Sad, aya ya 21 na zinazofuata, wale wagomvi wawili walioruka ukuta wa mihirabu wakamwingilia Daudi (a.s.). Jalalaini inakisimulia hapo kisa cha wake tisini na tisa na mke wa mtu mwingine. Sheikh amekisoma chote na kukitoa kwa Kiswahili, kama alivyosoma kila kitu cha kitabu. Kipande kinaishia hapo, dakika kumi zimetimia. Watu wakasikia sheikh wao akimsingizia Nabii. Wajukuu zake waliulizwa sokoni.

Kipande kinachofuata kinaanza na sheikh akisema, "Sasa nisikilizeni." Anasema kisa hicho kimetoka katika Israiliyati, habari za watu wa Kitabu zilizoingia katika tafsiri tangu zama za mwanzo. Anamtaja Ibn Kathir wa Damascus, aliyefariki mwaka 774 Hijria (1373), kwamba yeye ameandika kuwa wafasiri wametaja hapa kisa ambacho sehemu yake kubwa ni Israiliyati, na hakuna hadithi iliyothibiti kutoka kwa Mtume inayolazimu kukifuata. Anafafanua kwamba Manabii wamehifadhiwa. Kisha anaeleza kwa nini amekisoma: anayesomesha kitabu hakifichi, anakisoma na anakionyesha kilipokosa nguvu, ili mwanafunzi atakapokutana nacho peke yake asitetereke. Hayo yote yako dakika mbili baada ya mkato wetu.

Huku Kusini hili tunalijua tangu siku nyingi. Mwaka 1908 ilizunguka hapa Lindi ile Barua ya Makka, iliyodai kuwa na ujumbe wa Mtume alioupata ndotoni mlinzi wa kaburi lake. Ikanakiliwa mkono kwa mkono, ikatikisa miji, na serikali ya Wajerumani ikaingiwa na hofu ya uasi. Karatasi ilikwenda kasi kuliko suali la nani kaipokea kwa nani. Sauti kwenye simu inakwenda kasi zaidi ya karatasi.

Marekebisho yamefanyika kabla ya Idi. Vipande vya dakika vimeondolewa vyote. Sasa tunakata kwa mas'ala, na sheikh mwenyewe ametuwekea alama: kila anapomaliza jambo husema "Wallahu aalamu." Hatukati popote kabla ya neno hilo, hata kama kipande kitafika dakika thelathini na tano. Mwanzo wa kila kipande kuna sauti ya Maalimu inayotaja sura, aya na kitabu. Na kisa chochote cha Israiliyati kina alama kwenye jedwali, pamoja na dakika ambayo sheikh anatoa hukumu juu yake. Wajukuu wamepewa darsa kamili ya Suratu Sad, na imechezwa msikitini baada ya alasiri, watu wamekaa mpaka mwisho.

27 Aprili 2025: Kiswahili cha sheikh, na daftari la bibi

Vijana wanaoandika walikuwa wakifika kwenye aya wanabandika tarjuma ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, au ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ya mwaka 1995. Nia ilikuwa njema: maneno yamehakikiwa, na kazi inakwenda haraka. Lakini sheikh hakusema maneno hayo. Alikuwa akifasiri papo kwa papo kutoka Kiarabu cha Jalalaini, kwa Kiswahili cha Mikindani, na mara kwa mara anachagua njia ambayo Farsy hakuichagua.

Tarjuma kamili ya kwanza ya Kiswahili iliyochapwa, mwaka 1923, iliandikwa na mmisionari, Godfrey Dale. Ya pili, mwaka 1953, ilikuwa ya jumuiya ya Ahmadiyya. Farsy aliandika akiwa na hizo mbili mbele yake, na maelezo yake yana majibu mengi kwao. Muda wote huo, kabla yake na baada yake, Waislamu wa pwani walikuwa wanaipata tafsiri kwa kukaa mbele ya mtu na kusikiliza. Kanda hizi zimeinasa njia hiyo. Tukiyabadilisha maneno ya sheikh kwa ya kitabu kilichochapwa tutakuwa tumehifadhi kisichohitaji kuhifadhiwa na sisi. Kurasa zote zimerudiwa: maneno ya sheikh yanakaa juu, na namba ya aya pembeni, anayetaka Farsy atamfungua Farsy.

Habari njema zaidi ya mwezi huu imetoka upande wa wanawake. Kanda tatu za Suratu Yusuf zimekufa kabisa, utepe umeacha unga wake wote kwenye pamba. Mke wa Maalimu akatuambia yuko bibi aliyekuwa akikaa nyuma ya pazia kila Ramadhani na kuandika. Tukaenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kwa daftari, nimeshaambiwa."

Ni daftari la shule la kurasa mia mbili, limefungwa kwa kitambaa cha kanga. Kiswahili chote kwa hati za Kiarabu. Aya ameandika kwa wino mwekundu, maneno ya kitabu kwa bluu, na maneno ya sheikh mwenyewe ameyaingiza ndani kidogo ya mstari. Penye Ibn Abbas ameandika herufi *ain* ndogo pembeni. Nilikaa nalitazama. Ile safu tuliyodhani tumeivumbua sisi, yeye aliichora akiwa msichana, kwa kalamu mbili.

Vijana hawakuweza kulisoma moja kwa moja. Hati ya Kiarabu ikiandika Kiswahili haitofautishi sauti zote, na kila mwandishi ana mazoea yake. Tulijaribu kukisia kwa maana, yakatoka makosa. Njia iliyofaa ni bibi mwenyewe kusoma, nasi tunarekodi, kisha kijana anaandika akiwa na picha ya ukurasa mbele. Hakutaka malipo. Ameomba jambo moja: sehemu zilizotoka kwake ziandikwe kwamba zimetoka kwenye daftari, zisichanganywe na sauti ya sheikh. Kwenye safu ya msemaji ameingia kwa alama yake.

Kupiga picha na kuchapa rasimu za uhakiki: 60,000.

22 Juni 2025: Tulipofika

Sauti za kanda 109 zimehamishwa. Tisa hazisomeki, na kati ya hizo tatu ni za Yusuf zilizopata daftari. Zilizoandikwa na kuhakikiwa ni 46, sawa na 690,000. Tangu mwanzo tumetumia 1,257,000.

Umeme ukikatika katikati ya kanda tulikuwa tunapoteza upande mzima; sasa tunaanza kurekodi baada ya isha, na programu imewekwa ihifadhi kila dakika tano. Hedi ya deki imeanza kulika, sauti za juu zinafifia. Tunatafuta deki ya pili ya kutolea vipuri, na bei isizidi 80,000. Kauli zenye alama ya "haijapatikana" bado ni nyingi, hasa kwenye sura za Anaamu na Aaraf.

Mwezi ujao tunaingia Kahf, ambapo kalamu inatoka kwa Suyuti kwenda kwa Mahalli. Maalimu anasema kuanzia hapo sheikh aliegemea zaidi hashiya ya Jamali, na hiyo hatunayo. Mwenye juzuu zinazoanzia Kahf, awe Lindi, Mtwara, Masasi au Newala, atufikie kupitia msikitini baada ya alasiri. Tutapiga picha kurasa mbele yake na kitabu ataondoka nacho.